Arusha: majitaka mengi hayafiki bwawani. Tuanzie kwenye chemba za nyumbani kwetu

Fundi Chemba (mwanzisha uzi)

Wakuu, heshima kwenu.

Mimi ni fundi bomba hapa Arusha, huu mwaka wa 17. Mabomba ya maji safi nafunga nikipewa, ila kazi niliyoizoea ni ya maji yanayotoka: vyoo, chemba, makaro. Humu ndani nasoma malalamiko ya harufu ya mabwawa ya kusafishia majitaka na ya maji machafu yanayokatiza barabara kila masika, na wengi wanayanyooshea kidole mabwawa. Mimi nashinda pale bomba linapoanzia. Naomba niseme ninayoyaona huko, maana mwaka hadi mwaka ni yaleyale na yananiuma.

Masika ya mwaka juzi mama mmoja mwenye nyumba pale Sakina alinipigia kabla ya saa 12 asubuhi. Choo kinarudisha. Nafika, nakuta matambara yamepangwa mlangoni mwa sebule na watoto wamepandishwa juu ya makochi. Nikafunua chemba ya uani. Maji yamejaa mpaka mdomoni, juu yake limeganda tabaka jeupe la mafuta kama samli ya Julai, na ndani ya mafuta yale zimenasa pampasi mbili na kitambaa cha kudekia. Nikavitoa, nikasukuma fito, maji hayashuki. Yanaongezeka. Nikamuuliza, mama, maji ya bati yanakwenda wapi? Akanionyesha ukutani: bomba la inchi 4 limeshuka kutoka kwenye gata moja kwa moja hadi ndani ya chemba ileile ya choo. Aliyejenga aliona ndiyo njia fupi.

Tupige hesabu. Bati la nyumba ile ni kama mita za mraba 200. Ikinyesha milimita 50 usiku mmoja, na kwa masika yetu si ajabu, bati hilo moja linamwaga lita 10,000. Familia ya watu sita, kila mmoja akitumia lita 80 kwa siku, haifikishi lita 500 za majitaka. Maana yake bati moja kwa usiku mmoja limeingiza kwenye bomba la mtaa maji sawa na majitaka ya familia hiyo kwa siku 20. Zidisha kwa nyumba za mtaa mzima. Bomba la barabarani halikupimwa kubeba mvua. Chemba iliyo bondeni inafumuka, kinyesi kinatiririka mtaroni, mtaro unaingia mto Naura au Ngarenaro, na mwisho wake ni mto Themi.

Yale yanayobaki ndani ya bomba yakifika bwawani yanaleta shida nyingine. Bwawa la majitaka halina mashine. Kinachosafisha ni muda, jua na vijidudu. Bwawa la kwanza lina kina cha mita 2 hadi 5, halina hewa, tope linatuama chini na kuozea huko. La pili ni la mita 1 hadi 2, na ule ukijani mnaouona ni mwani. Mchana unatengeneza oksijeni, na vijidudu vinaitumia hiyo oksijeni kula uchafu. Mabwawa ya mwisho hayana kina, jua linapenya na kuua vimelea. Kila bwawa lina siku zake za kukaa na maji. Mvua ya mabati ikiingia kwa nguvu, maji yanasukumana, yanatoka kabla siku zake hazijatimia. Kiwango cha Tanzania cha maji yanayoruhusiwa kurudi mtoni ni BOD miligramu 30 kwa lita, yaani oksijeni ambayo uchafu uliobaki utaivuta ukishaingia mtoni. Ukiyakimbiza maji bwawani, kiwango hicho hukipati hata mhandisi awe hodari namna gani.

Mji nao umekua. Sensa ya 2012 ilihesabu watu 416,442 Jiji la Arusha. Ya 2022 ikahesabu 617,631. Mabwawa ya zamani ya Lemara yalijengwa kwa mji mdogo, nyumba zikaja zikayazunguka. Ndiyo maana katika ule mradi mkubwa wa maji wa zaidi ya shilingi bilioni 500, uliopata mkopo wa Benki ya Maendeleo ya Afrika mwaka 2015, yakajengwa mabwawa mapya upande wa Terrat na mabomba ya majitaka yakaongezwa. Kabla ya mradi, waliokuwa wameunganishwa na bomba la majitaka hawakufika asilimia 10. Lengo likawa asilimia 30. Ni hatua kubwa na naipongeza kwa moyo wote. Ila someni tena hiyo namba: hata lengo likitimia, nyumba saba katika kumi bado zinatumia shimo.

Na mashimo yetu mengi ni ya uongo. Mtu anasema ana septiki, ukifungua unakuta shimo refu lililozungushiwa mawe, chini halina sakafu, halina vyumba viwili, bomba la kuingilia na la kutokea yapo usawa mmoja. Wengine wanasifia kabisa, "karo langu halijawahi kujaa miaka 12". Ndugu yangu, karo lisilojaa linavuja. Lile tope limekwenda ardhini, na jirani yako wa bondeni ana kisima.

Halafu kuna kutapisha. Nimeshaitwa kutoboa ukuta wa karo na kupitisha bomba hadi mtaroni, kizibo kiwe ndani ya ua, mvua ikianza mwenye nyumba anafungua. Nilikataa ile kazi. Wiki iliyofuata nikapita, nikaona saruji mbichi ukutani. Akapata mwingine wa kumfanyia. Gari la kunyonya lina gharama, hilo nalijua, na kuna vichochoro ambako halifiki kabisa. Lakini mtaro ule unapita mbele ya genge, watoto wanauruka kwenda shule.

Swali langu kwa wadau: wale ambao bomba la majitaka limepita mtaani kwenu, mmeunga? Kama hamjaunga, kilichowakwamisha ni nini hasa?

---

Mwenye Nyumba Muriet

Fundi, uzi mzuri. Mimi sijaunga, na nikueleze ukweli, siyo ubahili. Barabara iko juu ya uwanja wangu. Choo kiko nyuma, bondeni. Niliambiwa haiwezekani mpaka nifunge pampu. Majirani zangu wawili upande wa kushoto wako hivyohivyo. Tumebaki na makaro, tunanyonya kila baada ya miezi minane.

---

Fundi Chemba

Mkuu, hiyo ndiyo sababu namba moja ninayokutana nayo, kuliko hata hela. Majitaka hayapandi mlima. Bomba la inchi 4 linataka mteremko wa sentimita mbili na nusu kwa kila mita. Watu wanajenga nyumba nzima, wanamwaga zege, wanalaza paving, ndipo wanauliza chemba ya mtaa iko wapi. Kabla hujachimba msingi pima kina cha chemba ya barabarani. Ni kazi ya asubuhi moja.

Kwako wewe, niambie: nyuma ya uwanja wako kuna nini? Kuna mtaa mwingine chini yenu ambao bomba limepita?

---

Mwenye Nyumba Muriet

Upo, chini ya uwanja wa jirani yangu wa tatu. Lakini kati yangu na huo mtaa kuna nyumba za watu.

---

Binti wa Mabogini

Wakuu habari. Naandika nikiwa Moshi. Kwetu mabwawa yako Mabogini, na maji yakishatoka bwawani wakulima wanayachukua kwenda kwenye majaruba ya mpunga. Baba yangu amelima na maji hayo tangu mimi mdogo. Kiangazi, wakati mfereji wa skimu umekauka, ya bwawani hayakauki, kwa sababu mji hauachi kuoga.

Mnaosema majitaka ni uchafu tu wa kutupwa njooni muone. Mbolea ya kukuzia baba alikuwa anaweka kidogo sana. Shida ikawa upande mwingine: msimu mmoja mpunga ulinawiri, majani kijani kibichi, tukafurahi, halafu ukalala wote kabla haujakomaa. Mtaalamu wa kilimo akatuambia naitrojeni imezidi, mmea umejenga majani na shina limekuwa laini. Tangu hapo baba anachanganya na maji ya mfereji na hatii urea.

Kingine ni miguu. Sisi tunaingia jaruba pekupeku. Mdogo wangu aliugua safura akawa mweupe machoni, anachoka akipanda ngazi. Hospitali wakauliza tunalima wapi. Gambuti kwenye tope zinanasa, hakuna anayezipenda, lakini sasa nyumbani kwetu hakuna anayeingia bila kuvaa.

Naunga mkono hoja ya fundi kwamba kinachoingia mwanzo ndicho kinachotoka mwisho. Sisi tuko mwisho wa bomba. Mtu wa mjini akimwaga oili chafu ya gari kwenye sinki, inakuja kwetu.

---

Fundi Chemba

Dada, umenifungua macho. Hilo la oili ni kweli tupu. Kinyesi vijidudu vinakila. Oili ya gari, dawa za kiwandani, kromiamu ya kutengenezea ngozi, hivyo haviliwi. Vinaua wale vijidudu wenyewe au vinakaa kwenye tope miaka na miaka. Ndiyo maana kiwanda kinatakiwa kisafishe kwanza kwake ndipo kiunge kwenye bomba la mji. Gereji na sehemu za kuoshea magari nazo zingewekewa chemba ya kutenga oili, na migahawa iwe na chemba ya kunasa mafuta. Ile ya mgahawa ni kisanduku tu chenye ukuta katikati: maji ya moto yanapoa, mafuta yanaelea, maji yanapita chini. Tatizo ni kuchota. Nikifunga leo, nikirudi miezi sita baadaye nakuta hakijafunguliwa hata mara moja.

---

Mama Mboga Kilombero

Shikamooni wakubwa, wadogo hamjambo. Mimi nauza mboga. Mchicha, figiri na chainizi nyingine zinatoka mashamba ya kando ya Themi. Kila mvua watu wanasema mboga za mto zina kipindupindu, wateja wanakimbia. Nina watoto nasomesha kwa hizo mboga na wenyewe tunazila. Nauliza kwa nia njema, nifanye nini? Naosha kwa chumvi.

---

Mwanafunzi Tengeru

Marahaba, mama... samahani, shikamoo mama. Nasomea mambo ya maji hapa Tengeru, nijibu kidogo nilichojifunza.

Chumvi haiui mayai ya minyoo. Mayai yale yana ganda gumu, yanaweza kukaa kwenye udongo miezi mingi. Kuosha kwenye maji yanayotiririka kunayapunguza kwa kuyaondoa tu. Kupika kunamaliza. Kwa hiyo mchicha na figiri ukiwaambia wateja wapike vizuri, hatari imepungua sana. Zinazonitia wasiwasi ni za kachumbari: nyanya, karoti, giligilani, zile zinazoliwa mbichi.

Kwa mkulima, mwambie mambo mawili. Maji ayapitishe kwenye mfereji kati ya matuta, asimwagie juu ya majani kwa ndoo. Na siku chache kabla ya kuvuna aache kumwagilia maji ya mto. Jua na ukavu vinaua vimelea vingi kila siku inayopita. Najua mchicha unanyauka, ndiyo maana wengi hawakubali, lakini hata siku mbili zinasaidia. Shirika la Afya Duniani katika mwongozo wake wa 2006 lilikubali njia hii ya vizuizi vingi vidogovidogo, shambani, sokoni na jikoni, kwa sababu liliona miji mingi haina mitambo ya kutosha.

Na nikirudi kwa fundi: umesahau baridi. Wanaosanifu mabwawa wana kanuni inayofuata joto. Bwawa la pili likiwa na nyuzi 25 linahimili kilo 350 za BOD kwa hekta kwa siku. Likishuka nyuzi 20 linahimili kama 250 tu. Moshi iko chini na ina joto kuliko sisi, kwa hiyo bwawa la ukubwa uleule linafanya kazi zaidi Mabogini kuliko Arusha. Juni na Julai huku vijidudu vinazubaa kama sisi tulivyojikunyata na majaketi. Ukiona maji ya bwawa yamegeuka kutoka kijani kuwa ya zambarau au kijivu, ujue limezidiwa.

Nyingine ni matete. Baada ya bwawa unaweza kuweka kitalu cha kokoto kilichopandwa matete, maji yakapita polepole kwenye mizizi. Vitalu hivyo vimefanyiwa kazi hapa nchini kwa miaka mingi, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na huku kwenye Taasisi ya Nelson Mandela. Kwa shule au hosteli yenye eneo ni suluhisho zuri, halina umeme. Lakini lazima liwe nyuma ya septiki ya kweli. Ukipeleka tope moja kwa moja, kokoto zinaziba na matete yanaogelea.

---

Mama Mboga Kilombero

Asante mwanangu, Mungu akubariki. Hilo la matuta nitamwambia mzee anayeniuzia. Ana ndoo yenye matundu, anamwagia juujuu kila jioni.

---

Dereva wa Majitaka

Naomba kuchangia, naendesha gari la kunyonya. Watu wanatusema tunamwaga porini. Wapo wanaofanya hivyo, sikatai, na wanatuharibia jina. Lakini muelewe: kumwaga mahali halali ni mbali, foleni ipo, na kazi ya Sokon ukiipeleka hadi huko mafuta yanakata nusu ya malipo. Tungepata sehemu mbili tatu za kupokelea pande tofauti za mji, hakuna ambaye angejaribu porini.

Na tope la karo siyo sawa na majitaka ya bombani. Nikimwaga tangi moja lililokaa shimoni miaka minne, ni zito kama uji. Likiingia kwenye bwawa bila kutengwa linalijaza haraka. Lingekuwa na vitanda vyake vya kukaushia.

---

Fundi Chemba

Kaka, hapo umeongea. Vitanda vya mchanga, tope linakauka, maji yanayochujika ndiyo yanakwenda bwawani. Na mabwawa yenyewe yanatakiwa kutolewa tope kwa ratiba, lile la kwanza lisisubiriwe lijae zaidi ya theluthi. Bajeti ya kujenga hupatikana kwa sherehe, ya kutoa tope haina wa kuipigia makofi, lakini bila hiyo lile bwawa la mita nne linabaki la mita mbili.

Umenikumbusha jambo ambalo lazima niliseme humu, hata kama linatoka nje ya mada kidogo. Msiingie kwenye karo. Mwaka wangu wa nne kazini, kijana niliyekuwa nafanya naye kazi aliingia kwenye shimo lililokuwa limenyonywa jana yake, lilionekana tupu na kavu. Alishuka ngazi nne. Hakupiga kelele. Aliachia tu mikono. Mwenzake akataka kumrukia, nikamng'ang'ania kiunoni mpaka tukaanguka wote. Kijana tulimtoa kwa kamba na Mungu alimrudisha, lakini alilazwa siku tisa. Hewa ile ni haidrojeni salfaidi. Ikiwa kidogo inanuka yai viza, ikiwa nyingi inaua pua kwanza, husikii harufu yoyote, unadhani pamekuwa salama. Nyingine ni methani, hiyo inalipuka, kwa hiyo habari ya kuteremsha mshumaa kupima hewa iacheni kabisa. Fungua masaa mengi, tumia fito ndefu, na kama ni lazima mtu ashuke, waitwe wenye vifaa vya hewa. Anayeokoa bila kifaa anakuwa maiti ya pili.

---

Mwenye Nyumba Muriet

Pole sana fundi. Nimesoma mara mbili.

Nimerudi kwenye lile swali lako. Jioni nimezungumza na majirani. Wa tatu, mzee mstaafu, ndiye aliye chini kabisa na mtaa wa bomba uko mgongoni kwake. Amesema yeye hana neno, hata naye amechoka kunyonya. Je, inawezekana bomba moja likapita kwenye viwanja vyetu vyote vitatu?

---

Fundi Chemba

Inawezekana, na wala siyo jambo geni. Brazili walianza hivyo miaka ya 1980: bomba jembamba linapita nyuma ya nyumba, halichimbiwi kina kirefu kwa sababu hakuna gari linalopita juu yake, na majirani wanashirikiana chemba. Gharama inashuka sana. Kinachotakiwa ni maelewano ya maandishi, maana nyumba zinauzwa. Andikeni kwa mwenyekiti wa mtaa nani anazibua, nani analipia kipande kipi, na kwamba atakayenunua kiwanja hataruhusiwa kujenga juu ya bomba. Kisha mpeleke ombi mamlaka ya maji kabla ya kuchimba, wao ndio wanaoidhinisha na kukagua pale mnapoungana na bomba lao.

Nipe vipimo. Kutoka chemba yako hadi bomba la mtaa wa chini ni mita ngapi, na ardhi inashuka kiasi gani? Chukua mpira mweupe wa maji, ule unaoona ndani, ujaze usiwe na povu, mtu mmoja huku mwingine kule. Maji kwenye ncha zote mbili yatasimama usawa mmoja. Usikadirie kwa macho.

---

Mwenye Nyumba Muriet

Tumepima leo, mimi na kijana wa mzee. Urefu mita 36. Mpira ulikuwa mfupi tukapima mara tatu, tukajumlisha. Kutoka sakafu ya chemba yangu hadi mgongo wa bomba la mtaa wa chini ni sentimita 130.

---

Fundi Chemba

Mita 36 mara sentimita mbili na nusu ni 90. Mna 130. Mnayo ziada ya 40, hamhitaji pampu yoyote.

Jumamosi nina kazi Njiro hadi saa sita. Nikitoka hapo napita kwenu. Mwambieni mzee asiupande ule mchaichai aliosema anataka kuuweka ukutani, hapo ndipo chemba ya pili itakapokaa. Na maji ya mabati yenu, kabla sijafika, angalieni yanaingia wapi.

---

Mwenye Nyumba Muriet

Ya kwangu yanaingia kwenye karo. Nimetoka kuangalia sasa hivi.